Kisa cha fundi cherehani wa Moshi: MS, virusi, na neno nililolisema vibaya

Naandika kisa hiki cha MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Umri nimeusogeza kidogo, mtaa sitautaja, hospitali sitazitaja, idadi ya watoto nimeichezea, ili mtu asianze kuhesabu mafundi wa Moshi barazani mmoja mmoja. Mi ni tabibu wa kituo cha afya, sio bingwa wa mishipa ya fahamu. Nilichojua nimekijua kwa kukosea kwanza halafu kusoma usiku, na kosa kubwa humu ndani ni langu, tutafika.

## Historia ya mgonjwa

Mama wa miaka 30 na ushee, ameolewa, ana watoto, anashona kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini, cherehani ya kukanyaga. Hana presha, hana sukari, hajawahi kulazwa zaidi ya kujifungua. Mtaani wanamwita Fundi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Mume ni dereva. Mama mkwe yuko mlimani, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, mwanamke mwenye sauti, akisema kitu ukoo mzima unakaa kimya.

Ugonjwa ulianzia kwenye uzi. Alikuwa na oda ya sare za kwaya, nyekundu, akazishonea uzi wa rangi ya tofali, mwenye oda akazirudisha kwa hasira. Fundi akashangaa maana yeye aliona ni uzi ule ule. Kumbe jicho la kulia lilikuwa na ukungu, na akiligeuza linauma kwa ndani. Akaanza kujipima mwenyewe: anashika uzi mwekundu, anafumba jicho la kulia, mwekundu wa kawaida, anafumba la kushoto, ule wekundu unakuwa kama umelowekwa kwenye jiki. Akaenda duka la dawa, wakampa matone. Baada ya kama wiki 6 jicho likarudi karibu sawa, matone yakapewa sifa, kila mtu akasahau.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu hicho kipimo cha uzi alichojibunia mwenyewe ndicho wataalamu wa macho wanachofanya, wanakuonyesha kitu chekundu jicho moja moja. Mshipa wa jicho ukivimba, rangi nyekundu ndiyo mara nyingi inachuja kwanza, na jicho linauma ukiligeuza. Angenisimulia mimi siku ile nisingejua maana yake, nakiri.

## Mfululizo wa mambo

Miezi 8 baadaye mguu wa kushoto ukaanza kuteleza kwenye kanyagio. Hausikii vizuri, kama umevaa soksi nene. Ganzi ikapanda siku hadi siku mpaka kiunoni, halafu tumboni akahisi kama kafungwa kanga ikakazwa na mtu mwenye hasira. Mkojo nao ukawa hausubiri. Na kingine alichokitaja mwishoni kabisa tukiwa tumesimama mlangoni: kila akiinamisha shingo kushona anapigwa shoti kutoka shingoni hadi kwenye miguu. Alidhani ni cherehani imegusana na waya wa pasi, akamwita fundi umeme aangalie.

Kituoni kwetu mwenzangu alishampa sindano za vitamini B na dawa ya maumivu, akaandika mgongo. Sio uzembe, fundi anayeinama saa 10 kwa siku akilalamika mguu, wewe ungeandika nini? Aliporudi kwangu nikarudia vipimo tulivyonavyo: VVU hana, kaswende hana, malaria hana, sukari sawa. Nikawaza brusela maana huku maziwa mabichi yanapita sana, nikawaza TB ya uti wa mgongo. Nikampiga goti kwa nyundo, mguu ukaruka kama umepigwa teke, nikakwaruza unyayo, kidole gumba kikapanda juu badala ya kushuka. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye mshipa wa mguu wala msuli wa mgongo, liko juu, kwenye uti au ubongo. Nikaandika rufaa siku hiyo hiyo.

Huko rufaa mambo yalikwenda kwa hatua na kila hatua ilikuwa na bei. MRI ya ubongo na uti wa mgongo ilichukua wiki 3, si kwa sababu ya foleni, kwa sababu ya kutafuta hela. Maji ya uti wa mgongo familia ilikataa mara mbili, kuna imani kwamba ukichomwa pale hutembei tena, na kwa mtu ambaye tayari mguu umekufa ganzi unaielewa hofu hiyo. Mwisho akakubali. Picha zilionyesha madoa meupe zaidi ya sehemu moja, mengine mapya mengine ya zamani, na maji yalikuwa na ile mistari ya protini inayoonyesha kinga inafanya kazi ndani ya mfumo wa fahamu. Walipima pia kingamwili za ugonjwa mwingine unaofanana nao, unaoshika mshipa wa jicho na uti wa mgongo, ambao kwa watu weusi lazima uufikirie, sampuli ikabidi isafirishwe. Ikarudi safi. Kipimo hicho sio anasa, kuna dawa za MS ambazo mwenye ugonjwa ule mwingine zinamharibu zaidi.

Jina likapatikana: maltipo sklerosisi, MS. Kinga ya mwili inachuna mayelini, lile ganda linalofunika nyuzi za fahamu kama plastiki ya waya. Akawekewa steroidi kwa dripu, gramu 1 kila siku kwa siku 5, mguu ukaanza kuitika. Steroidi inaharakisha kupona kwa shambulio lililopo, haizuii linalofuata, kwa hiyo daktari bingwa akapanga rituksimabu, dawa ya dripu inayoshusha kinga. Kabla ya hapo apimwe homa ya ini B na TB, maana dawa hiyo inaweza kukiamsha kirusi cha ini kilicholala.

Sasa ndipo nilipoharibu.

Alirudi kwangu kuchukua barua ya kazini kwa mume. Kwenye benchi alikuwa na mama mkwe. Bibi akaniuliza, "Dokta, mwanangu anaumwa nini hasa?" Na mi nilikuwa nimetoka kusoma habari za utafiti mmoja wa Marekani kuhusu chanzo cha MS, nina hamu ya kuonekana najua, nikasema hivi, nakumbuka maneno yote: "Bibi, ni kinga ya mwili inashambulia mishipa, na siku hizi wamegundua chanzo chake kina virusi ndani yake."

Bibi akauliza, "Ana virusi?"

Nikasema, "Ndiyo, lakini si kama…" na hapo nikaitwa leba, mama mmoja anasukuma. Nikaondoka. Niliporudi benchi lilikuwa tupu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kilichotokea. Ukisema mtu "ana virusi" huku kwetu umeshamaliza, hakuna anayeuliza vipi. Wiki hiyo hiyo mume akapima VVU, hana. Akampeleka mkewe akapimwa tena, hana. Akampeleka kituo kingine mbali na mtaa, hana. Majibu matatu hayakusaidia, kwa sababu dokta mwenyewe kasema ndiyo. Na kile kipimo cha homa ya ini B kikamalizia kazi: mbona wanapima virusi kama hana virusi?

Jumapili walipanda mlimani kwenye ibada ya marehemu, mbege, ile pombe ya ndizi, ikaletwa kwenye kata inayozunguka kama kawaida, Fundi akaletewa yake kwenye kikombe cha plastiki, peke yake. Hakuna aliyesema neno. Aliniambia ule mguu haukumliza, kikombe kilimliza.

Halafu akaingia shemeji wa Arusha, kijana msomi na mwenye nia njema kuliko wote. Akatafuta mtandaoni, akaikuta habari ya kweli kabisa kwamba kirusi cha Epstein-Barr ndicho kinachohusishwa na MS, akaituma kwenye grupu la WhatsApp la familia. Jambo jema, angalau sio UKIMWI. Lakini akaenda hatua moja mbele: tukipime hicho kirusi. Maabara binafsi, damu ikachukuliwa, majibu: kingamwili zipo, chanya. Familia ikaona sasa adui kapatikana. Hela ya rituksimabu, iliyochangwa hadi na wanakwaya wa zile sare, ikanunua dawa ya kuua virusi, asaiklova, na makopo ya virutubisho vya kuongeza kinga. Tarehe ya dripu ikapita. Ikapita na nyingine.

## Maamuzi, na kwa nini yalionekana sawa

Nimejaribu kukaa kwenye kiti cha kila mmoja. Bibi alisikia neno lenye maana moja tu kwake, akalinda wajukuu. Mume alipima, na kupima ndicho tulichomfundisha miaka yote. Shemeji alifuata mantiki nyoofu: ugonjwa unatokana na kirusi, kirusi kimeonekana, basi ua kirusi, tena kwa bei rahisi kuliko dripu inayoshusha kinga. Na hilo la kushusha kinga lilimtisha Fundi mwenyewe, maana nimemwambia kinga yake ina shida, yeye akaelewa imepungua, halafu hospitali inataka kuipunguza zaidi! Kwa maneno niliyompa, alikuwa sahihi.

Mi uamuzi wangu ulikuwa wa kutofuatilia. Niliona benchi tupu nikasema watarudi.

Mwezi wa 4 alirudi, kizunguzungu, anaona watu wawili wawili, anatembea kashika ukuta. Shambulio la 3. Siwezi kuapa kwamba dripu ingelizuia, hakuna dawa ya MS inayozuia kila kitu, ila tuliacha mlango wazi.

Safari hii nilifanya kitu kimoja nachojivunia: niliomba nikutane nao wote, nyumbani, mlimani, siku isiyo ya kliniki, simu nimezima. Neno "virusi" sikulianza nalo. Nilianza na kiberiti.

## Nilichowaeleza

Kila nyumba iliyoungua Moshi ilikuwa na kiberiti ndani. Lakini nyumba zisizoungua nazo zina kiberiti. Ukikuta kiberiti jikoni kwa mtu hujagundua chochote kuhusu moto. Epstein-Barr ndivyo ilivyo: zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho, na huku Afrika watoto wengi wanakipata wakiwa wadogo sana, kwa mate, kwa kulishana na kubusiwa, bila hata homa ya kukumbuka. Kikiingia kinalala kwenye seli B, zile za kutengeneza kingamwili, hakitoki tena. Nikawaambia tukipimwa wote tuliokaa hapa, pamoja na bibi, karibu wote tutatoka chanya kama Fundi. Bibi akacheka kidogo, nikajua nimeingia.

Na jina la kirusi halijatoka mbali. Daktari Denis Burkitt akiwa Uganda aliona watoto wenye uvimbe wa taya, mwaka 1961 akausimulia kwenye mhadhara London, Anthony Epstein alikuwepo ukumbini akaomba vipande. Vipande vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, kimoja ndege yake ikashindwa kutua London kwa ukungu ikaenda Manchester, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zile. Shemeji hakuijua hiyo, ikampa heshima ya kuuliza maswali zaidi.

Akauliza: sasa kama kila mtu anacho, Wamarekani walijuaje kinahusika? Swali zuri kuliko lolote. Ukipima wagonjwa tu huwezi kujua, kwa sababu ya hicho hicho kiberiti. Lazima uwapate wachache wasio nacho uwasubiri. Watafiti wa Harvard walitumia damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, damu zilizobaki kwenye kupima VVU, zimehifadhiwa miaka na miaka. Wakapata wagonjwa wa MS 801 wenye sampuli za kutosha. Kati yao 35 hawakuwa na Epstein-Barr kwenye sampuli ya kwanza, na 34 kati ya hao 35 walikipata kabla MS haijaanza. Hatari ikapanda mara 32 baada ya kukipata. Kirusi kingine kinachosambaa kwa mate vilevile, sitomegalo, hakikuongeza hatari. Na ile protini ya damu inayoonyesha nyuzi za fahamu zinaumia ilianza kupanda baada ya maambukizi, sio kabla. Hiyo ilitoka mwezi wa 1 mwaka 2022.

Wazo lenyewe ni la zamani. Daktari Charcot aliueleza ugonjwa huu Paris mwaka 1868, na mwanafunzi wake Pierre Marie alikuwa anashuku maambukizi tangu 1884. Katikati hapo vimeshtakiwa virusi vingi sana, kirusi cha malengelenge namba 6, mabaki ya virusi vya kale yaliyomo kwenye vinasaba vyetu, na kuna mjadala mrefu wa visiwa vya Faroe, kwamba MS iliibuka baada ya askari wa Uingereza kufika mwaka 1940. Hayo niliyapita haraka, bibi alikuwa anasinzia.

Lililomwamsha ni jinsi kirusi kinavyofanya kazi. Nikamwambia: mwizi kaiba mtaani amevaa sweta ya shule. Ulinzi shirikishi wakaishika ile sweta kichwani, sasa kila mtoto aliyevaa sweta ile anakula fimbo, na mwizi kaondoka zamani. Watafiti wa Stanford, mwaka huo huo 2022, walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili zinazokamata protini moja ya Epstein-Barr zinakamata pia protini ya seli za ubongo, maana kipande chao kinafanana. Ndiyo maana asaiklova haisaidii hapa. Inazuia kirusi kinapojizalisha, kilicholala hakiguswi, na majaribio ya dawa za aina hiyo kwa wagonjwa wa MS hayajaonyesha faida ya wazi. Na kuongeza kinga ni kuwaongezea wale walinzi fimbo. Rituksimabu yenyewe inaondoa seli B, zile zile zinazomlaza kirusi. Haikutengenezwa kwa sababu hiyo, ila ukilijua hilo unaona kwa nini watafiti walipoiona inafanya kazi kwenye MS walianza kuiangalia upya hadithi nzima. WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023.

Mume akauliza, kama huku sote tuna kirusi, mbona ugonjwa huu hatuusikii? Nikamwambia kiberiti peke yake hakiunguzi. Kuna vinasaba fulani, vingi zaidi kwa watu wa kaskazini ya Ulaya. Kuna jua, sisi tuko digrii 3 tu kutoka Ikweta na upungufu wa vitamini D unahusishwa na MS. Kuna umri wa kuambukizwa, ukikipata ujanani kwa homa ile kali ya mitoki hatari inakuwa kubwa zaidi kuliko ukikipata ukinyonya. Na kuna kutopima: bila MRI huyu angebaki na "mgongo" kwenye daftari letu.

## Matokeo

Alianza rituksimabu, dozi mbili kwa tofauti ya wiki 2, halafu kila miezi 6. Mpaka naandika hajapata shambulio jipya kwa zaidi ya mwaka. Mguu haujarudi wote. Kukanyaga anakanyaga kwa wa kulia, kazi kubwa anampa binti aliyemfundisha, yeye anakata na kupima. Kiangazi cha mwezi wa kwanza na wa pili, joto la Moshi likipanda, ukungu wa jicho unarudi kwa masaa kisha unaondoka, anajifunga kitenge kibichi shingoni anaendelea. Mara ya kwanza mume alipiga simu usiku akisema virusi vimeamka. Sio virusi, ni waya uliochunika unapata shida kupitisha umeme ukipata moto. Likizidi siku nzima bila kutulia, hapo aje.

## Nini kilifanya kazi, nini kilishindikana

Rufaa ya haraka ilifanya kazi, na iliwezekana kwa nyundo na ufunguo wa kukwaruzia unyayo, hakuna mashine. Kumwacha mgonjwa aongee mpaka mlangoni kulifanya kazi, shoti ya shingo ilitoka pale. Kikao cha nyumbani kilifanya kazi kuliko ushauri wowote wa kliniki niliowahi kutoa, ila ukweli ni kwamba siwezi kukifanya kwa kila mgonjwa, na sina jibu la hilo.

Kilichoshindikana kwanza ni historia, jicho na mguu vilikaa kwenye madaftari mawili, hakuna aliyeviunganisha mpaka bingwa alipouliza. Pili ni kipimo cha Epstein-Barr. Kilifanyika vizuri na majibu yalikuwa ya kweli, ila kabla ya kupima hakuna aliyejiuliza majibu chanya yatatuambia nini. Kwa mtu mzima wa Tanzania hayasemi kitu. Majibu hasi ndiyo yangesema, yangetufanya tuutilie shaka huo MS wenyewe.

Tatu ni mdomo wangu. Nilichosema hakikuwa uongo, ndiyo inayouma. Siku hizi mgonjwa akiwa hajauliza chanzo siongelei chanzo mpaka mpango wa dawa umekaa. Akiuliza, naanza na kwamba VVU umepimwa huna na hiki hakihusiani, halafu nakitaja kirusi kwa jina lake, Epstein-Barr, sisemi "virusi" vitupu. Na "kinga imekosea njia" badala ya "kinga ina shida". Halafu namwambia arudie kwa maneno yake, kwa sauti, na ndugu aliyekuja naye arudie yake. Hapo ndipo unasikia mambo.

Binti mkubwa wa Fundi aliniuliza kama na yeye atapata. Nilimwambia kwenye nchi zilizofuatilia, watoto wa mgonjwa wanaopata ni kama 2 au 3 kwa 100. Shemeji naye anafuatilia chanjo, Moderna wameshaanza kujaribu ya kwao kwa binadamu lakini hakuna iliyoruhusiwa bado, kila mwezi ananitumia kiungo na nasoma vyote.

Bibi ameelewa, anaieleza hadithi ya sweta vizuri kuliko mimi. Lakini Fundi akipanda mlimani bado analetewa mbege kwenye kikombe chake. Anasema ameshakizoea, tena kina mfuniko, nzi hawaingii.